Kidonge cha Jua: Mafunzo Niliyopata Nikisubiri Jibu la Daktari

Kwenye faili yangu ya kliniki ya mishipa ya fahamu pameandikwa herufi mbili, MS, na mbele yake alama ya kuuliza. Jicho la kushoto liliingia ukungu wiki kadhaa, kulizungusha kukiuma, rangi nyekundu ikionekana imepauka. Kabla jicho halijapona sawasawa, miguu nayo ikaingia ganzi. Nilitundikiwa dripu za steroidi, jicho likarudi, ganzi ikabaki kwenye nyayo. Picha ya MRI ilionyesha madoa ambayo daktari alisema yanatia shaka lakini hayatoshi kumfanya aandike bila kuuliza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ntimaru, Kuria, nchini Kenya, na katika mji mdogo kama huu ugonjwa wa mwalimu ni habari ya kila mtu. Ushauri ulikuja kutoka stafurumu, kanisani, na hadi Minnesota aliko binamu yangu, na karibu wote ulikuwa mmoja: meza vitamini D, tena nyingi. Tangu hapo nimesoma, nimemsumbua daktari na mfamasia kwa maswali, nimepima damu. Msimamo wangu ni huu: vitamini D ni dawa yenye dozi kama dawa nyingine yoyote. Ikiwa ndogo na imetanguliwa na kipimo, haina neno. Ikiwa kubwa na ya kukisia, inaweza kumdhuru mtu ambaye hata ugonjwa wake haujajulikana.

1. Kuishi chini ya jua si kipimo cha damu

MS, yaani maltipo sklerosisi, ni hali ambayo kinga ya mwili inageuka na kulishambulia ganda la mafuta linalofunika mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa watu milioni 2.8 duniani wanaishi nayo. Imezoeleka zaidi mbali na ikweta, kule Uskoti, Skandinavia na Kanada, na Afrika inahesabiwa kuwa na wachache mno, ingawa kuwahesabu kwenyewe kunataka madaktari wa neva na mashine za MRI, vitu ambavyo kwetu ni haba. Tofauti hiyo ya kaskazini na ikweta ndiyo iliyowafanya watafiti walifikirie jua, na kutoka kwenye jua wakafika kwenye vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na miale.

Ntimaru iko nyuzi moja na ushei kusini mwa ikweta. Miale hiyo tunayo Januari hadi Desemba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao za kale, ukawakuta na wastani wa vitamini D wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, kiasi ambacho Mzungu wa mjini hukifikia kwa nadra bila vidonge. Wamasai ni majirani zetu upande wa Lolgorien, kwa hiyo nilidhani suala langu limeisha.

Lakini mchungaji anayeshinda malishoni na mwalimu anayeshinda darasani hawaishi chini ya jua lilelile. Kioo cha dirisha huzuia miale inayohitajika. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Uchambuzi wa tafiti za bara zima uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Global Health, kazi ya watafiti wa Kilifi na wenzao, ulikuta karibu Mwafrika mmoja kati ya watatu yuko chini ya nanomoli 50. Kipimo changu kilirudi chini kidogo ya hapo.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa vidonge hawalitaji. Utafiti mashuhuri wa mwaka 2006 uliowafuatilia wanajeshi wa Marekani ulionyesha kuwa Wazungu wenye vitamini D nyingi damuni walipata MS kwa uchache. Kwa wanajeshi Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, uhusiano huo haukuonekana. Walikuwa wachache kwenye hesabu, kwa hiyo si neno la mwisho, lakini mtu wa Kuria anayeuziwa chupa kwa hoja ya utafiti ule anastahili kulijua.

2. Ile alama ya kuuliza haijibiwi kwa kidonge

Hapa ndipo nisingependa mtu apite haraka. Ganzi ya miguu, udhaifu na macho kufifia si mali ya MS peke yake, na sehemu hii tunayokaa ina orodha yake ya magonjwa yanayofanana nayo.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania katika wilaya ya Tarime, watu waliokuwa wazima walijikuta ghafla miguu imekakamaa, wengine wasiweze tena kutembea bila fimbo. Ulikuwa ugonjwa wa konzo, unaotokana na mihogo michungu isiyolowekwa wala kukaushwa vya kutosha, ikiliwa siku nyingi bila kitoweo cha maana, na sianidi yake ikiiharibu mishipa ya fahamu. Watafiti waliuandika mwaka 1990 katika jarida la Brain. Wakuria tuko pande zote mbili za mpaka ule. Njaa inayoingia Tarime haisimami mpakani Sirare kuonyesha kitambulisho.

Ukishuka kuelekea ziwani, Homa Bay na fukwe za Migori, kuna kichocho, na mayai yake yanaweza kukwama kwenye uti wa mgongo na kumpoozesha kijana. Kuna TB ya uti wa mgongo. Kuna Virusi vya Ukimwi, kaswende, na upungufu wa vitamini B12. Halafu kuna ndugu wa MS anayeitwa neuromaielitisi optika, ambaye hupiga macho na uti wa mgongo, na ambaye baadhi ya dawa za MS humchochea badala ya kumtuliza. Huyu hutafutwa kwa kipimo cha damu cha kingamwili dhidi ya akwaporini-4.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotibiwa kwa vitamini D. Kichocho kina dawa, TB ina dawa, kaswende ina dawa, na zote hufanya kazi vizuri zaidi zikiwahi. Daktari anayeshuku MS anatumia vigezo vya McDonald, vilivyotungwa mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, na sharti lao mojawapo ni kwamba maelezo mengine yawe yameondolewa kwanza. Nauli ya kupitia Kehancha na Migori hadi Kisii ni kubwa kuliko bei ya chupa, najua. Hata hivyo, ukiwa na shilingi za kitu kimoja tu, zipe barabara.

3. Soma lebo yote, hasa herufi ndogo

Chupa ya binamu ilifika na mgeni, imefungwa ndani ya soksi. Nikaipeleka kwenye duka la dawa nililonunulia chupa yangu ya kwanza, nikaziweka zote mbili mezani. Yangu iliandikwa 1000. Ya Marekani iliandikwa 125. Kijana aliyekuwa zamu akaziangalia, akatabasamu.

“Madam, hii ya Marekani ni nyepesi. Mia moja ishirini na tano tu. Unaweza kumeza hata nne.”

Yangu ilikuwa kwa yuniti za kimataifa, zile zinazoandikwa IU. Ya Marekani ilikuwa kwa maikrogramu, zinazoandikwa mcg, na chini yake, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, paliandikwa 5000 IU. Maikrogramu moja ni yuniti 40. Kidonge “chepesi” kilikuwa mara tano ya kile changu, na nne zake zingekuwa yuniti 20,000 kwa siku. Kijana si mjinga. Lebo ndizo zilizoandikwa vibaya, na hakuna aliyemweleza.

Ili hesabu iwe na mahali pa kusimama: mtu mzima anashauriwa kupata yuniti 600 kwa siku, 800 akipita miaka 70, na wataalamu wa Marekani na wa Ulaya wameweka 4000 kuwa kikomo cha mtu mzima asiye chini ya uangalizi wa daktari. Kuna pia vidonge vya yuniti 50,000, ambavyo hutolewa kimoja kwa wiki, kwa wiki chache, kwa aliyethibitika kuwa na upungufu mkubwa. Mtu akizoea “kimoja kila siku” kama vidonge vingine, ameshajiingiza matatani kabla chupa haijaisha.

Mtego huohuo upo kwenye majibu ya maabara. Maabara moja huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita. Ukizidisha ya kwanza kwa 2.5 unapata ya pili. Kwa hiyo 30 kwa nanogramu ni 75 kwa nanomoli, na watu wengi wataambiwa hapo pazuri. Lakini 30 kwa nanomoli ni upungufu. Mtu akikupigia simu kukwambia “yangu ni thelathini”, usimpe pole wala pongezi kabla hajakusomea kilichoandikwa baada ya namba.

4. Tafiti zimegawanyika, na kila muuzaji huchukua nusu yake

Kundi linalonihusu ni la watu waliopata shambulio la kwanza, wakiwa bado hawajathibitishwa kuwa na MS. Australia na New Zealand walilifanyia jaribio linaloitwa PREVANZ, matokeo yakatoka mwaka 2024. Watu 204 waligawiwa yuniti 1000, 5000, 10,000 au kidonge kisicho na kitu, wakafuatiliwa wiki 48. Vitamini D haikuwazuia kuingia kwenye MS, kwa dozi yoyote ile.

Mwaka uliofuata Wafaransa wakatoa jaribio la D-Lay MS. Watu 316, yuniti 100,000 kila baada ya wiki mbili kwa miaka miwili, bila dawa nyingine ya MS. Ugonjwa ulionyesha dalili za kuendelea, kwa shambulio au kwenye MRI, kwa asilimia 60.3 ya waliopewa vitamini D, na asilimia 74.1 ya waliopewa kidonge kitupu. Hiyo ni tofauti ya kweli. Pia ni habari kwamba sita kati ya kila kumi walioimeza, tena nyingi hivyo, ugonjwa uliendelea kuwatembelea. Na wale waliokwisha kuthibitishwa wakawa kwenye dawa? Jaribio la Marekani la VIDAMS, la mwaka 2023, liliwapa wenye MS dawa ya glatirama, kisha likalinganisha nyongeza ya yuniti 5000 na ya 600. Mashambulio hayakutofautiana.

Nikiyaweka pamoja, nasema huenda ikasaidia kidogo, mapema, na si kwa kila mtu. Dozi ya Wafaransa ni wastani wa yuniti 7000 na zaidi kwa siku, juu ya kikomo nilichotaja, na walioimeza walikuwa chini ya macho ya madaktari wakati wote. Kuichukua dozi ile na kuuacha uangalizi wake ni kuchukua nusu ya utafiti.

Na wala vitamini D isigeuke sababu ya kuzikimbia dawa zenyewe za MS. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Bado ni ghali kwetu. Lakini alama yangu ya kuuliza ikifutwa siku moja, mazungumzo yatakuwa juu ya hizo.

5. Sumu yake inafanana na ugonjwa wenyewe

Hili lilinishtua kuliko yote. Vitamini C ikizidi unaikojoa. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, mwili unaihifadhi, na ukiacha leo inaweza kubaki miezi. Ikizidi sana, kalsiamu hupanda kwenye damu. Dalili zake ni uchovu, udhaifu wa misuli, kukojoa mara kwa mara, kufunga choo, akili kuzubaa. Sasa chukua kijitabu chochote cha MS usome dalili zake: uchovu, udhaifu, matatizo ya mkojo, choo kufunga, akili kuzubaa.

Mtu anameza dozi kubwa, anachoka, anaamini ugonjwa umezidi, anaongeza dozi. Kinachoweza kumshtua ni kiu isiyokatika, kichefuchefu na hamu ya chakula kupotea. Asiposhtuka, mawe huanza kujijenga kwenye figo, na figo zenyewe zinaweza kufeli. Kwa kawaida ni kipimo cha damu kikipita nanomoli 375 kwa lita ndipo sumu huonekana zaidi, lakini anayepima kalsiamu mapema hasubiri kufika huko.

Wako wanaofuata kwa makusudi mpango wa daktari Mbrazili, Cícero Coimbra, wa yuniti maelfu kwa maelfu kila siku, pamoja na kuacha maziwa na kunywa maji mengi ili kuzilinda figo. Majarida ya tiba yameandika wagonjwa wa MS waliofikia kulazwa, figo zikiwa zimeumia, kwa dozi za namna hii. Mpango ambao sharti lake la kwanza ni kuzihami figo dhidi ya dawa yenyewe, mimi umeshaniambia vya kutosha.

Jua, kwa upande wake, halikupi sumu hii. Ngozi ikishatengeneza kiasi fulani, miale huanza kuivunja ile ya ziada.

6. Sindano ya mara moja kwa mwaka, hapana

Zipo sindano za yuniti 300,000 na 600,000, na zinavutia kwa sababu unamaliza kazi siku moja. Mwaka 2010 Waaustralia walichapisha utafiti wa wanawake wazee 2256. Nusu walipewa yuniti 500,000, si kwa sindano bali za kumeza, kwa mkupuo mmoja kila mwaka ili wasivunjike mifupa. Walioipata walianguka na kuvunjika zaidi ya wenzao. Mimi ambaye nyayo zangu hazijui vizuri zimekanyaga nini, sihitaji msaada wa kuanguka.

7. Taja kila unachomeza, hata kile ambacho hukitaji hadharani

Mama yangu ana presha na anatumia haidroklorothiazaidi, dawa ya kawaida kabisa katika vituo vyetu. Dawa hiyo huifanya figo izuie kalsiamu isitoke. Ukiongeza vitamini D nyingi juu yake, kalsiamu inapanda kutoka pande mbili. Kwa anayetumia digoksini ya moyo, kalsiamu ikipanda mapigo yanaweza kuvurugika. Chupa yangu haikuwa ya kumgawia mama, ingawa aliiomba.

TB ina habari yake ya pekee. Chembe za kinga zinazopambana na vimelea hutengeneza zenyewe vitamini D iliyo tayari kufanya kazi, bila kusubiri figo, na mgonjwa anaweza kupanda kalsiamu kwa dozi ambayo kwa mwingine haina neno. Rifampisini, kwa upande mwingine, huishusha vitamini D, kama zifanyavyo dawa za kifafa za fenitoini na karbamazepini. Yote haya anayapanga daktari, lakini hawezi kupanga asichoambiwa.

Na sasa lile lisilosemwa hadharani. Homa Bay na Migori ni kati ya kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya Virusi vya Ukimwi nchini, na dawa inayotumiwa na wengi ina dolutegravia ndani yake. Vitamini D yenyewe haigombani nayo. Kalsiamu ndiyo inayogombana, na vidonge vingi vya dukani huzichanganya hizo mbili bila kelele. Kalsiamu huikamata dolutegravia tumboni, ikapita bila kufyonzwa. Utaratibu ni kumeza dolutegravia saa mbili kabla ya kalsiamu au saa sita baadaye, ama zote mbili pamoja na chakula. Mtu anayemeza dawa zake kwa siri, kisha akaongeza “vitamini ya mifupa” tumbo likiwa tupu, anaweza kuziharibia kazi asijue.

8. Joto si rafiki

Waliokosa pesa ya vidonge huniambia niote jua. Ni ushauri wa upendo, ila mishipa iliyojeruhiwa hupitisha ujumbe vibaya zaidi mwili ukipata joto. Daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliliona hilo mwaka 1890 kwa wagonjwa ambao macho yao yalififia wakijitaabisha. Kwangu ni hivyohivyo: gwaride la asubuhi likirefuka, jicho la kushoto huanza kupauka, nikipumzika kivulini linarudi. Joto halileti jeraha jipya, lakini ukiwa unavuka barabara kwa haraka, kulijua hilo hakukusaidii. Natoka juani kwa vipindi vifupi, mikono wazi, maji karibu, na naingia ndani kabla mwili haujachemka.

9. Nenda kliniki na chupa yenyewe

Picha ya simu huonyesha upande wa mbele, na tulichokuwa tukikitafuta kiko nyuma. Beba chupa zote, za daktari, za dukani, za Marekani, hata ya mitishamba.

Vipimo nilivyoomba ni vitatu: vitamini D ya damu (ile inayoitwa 25-haidroksi), kalsiamu, na kreatinini ya kuangalia figo. Sampuli ya kwanza husafirishwa mbali na huku, na bei yake inauma, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujatoa mkono. Kalsiamu na kreatinini ni rahisi kupata, na kama pesa inatosha hizo mbili tu, bado zinakuambia kama unaumia. Daktari aliniandikia yuniti 1000 kwa siku, nimeze na chakula chenye mafuta kidogo, nirudie vipimo baada ya miezi mitatu, kwa sababu kabla ya hapo kiwango hakijatulia. Vikisomeka sawa tunaendelea hapohapo. Kalsiamu ikipanda, tunaacha siku hiyohiyo bila kusubiri kliniki ijayo.

Chupa ya binamu nimemrudishia mfamasia aiharibu ipasavyo. Binamu aliponipigia kuuliza kama nimeanza kupata nafuu, nilimwambia akitaka kunitumia kitu safari ijayo, anitumie nauli ya MRI ya pili.